Gorila Wana Majina, Sisi Je?

Hapa Busasamana, mawingu yakiondoka tunaiona Karisimbi, mita 4,507. Milima hii ndiyo ya filamu Gorillas in the Mist ya Michael Apted (1988). Picha zake ni nzuri, tusibishe. Lakini angalieni: gorila Digit ana jina, analiliwa. Wenyeji? Ukimtoa Sembagare anayemwongoza Dian Fossey, karibu wote ni umati tu bila jina.

Na Fossey mwenyewe alikimbia Kongo Julai 1967. Septemba akafungua kambi ya Karisoke upande huu. Alivuka kama sisi, jamani! Filamu inaonyesha akifukuzwa, kisha inasahau kuwa mpaka huo una watu wengine. Itazameni, ila mkiwa na swali hilo.