Kulia si kulilia: Je, roki ya giza ni sanaa ya dini?

Juma lililopita mvua ilitukuta Silibwet, tukajibanza hotelini kunywa chai. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, akafungulia muziki kwenye simu. Kabla vikombe havijafika mezani, mayowe na ngoma za mashine vilikuwa vimejaa chumba kizima. Mzee mmoja wa kanisa akageuka: "Wewe kijana, zima hiyo kitu ya shetani!" Mpwa wangu akazima kwa adabu, ila akajitetea: "Pole, mzee. Lakini hawa hawamwabudu shetani. Wanalia tu."

Wanalia tu. Kauli hiyo nimeitafuna tangu siku ile.

Waliokuwa wakilia ni Duma, kundi la Nairobi la Martin Khanja na Sam Karugu, ambalo albamu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mzawa wa Kiswahili atadhani jina hilo ni la yule mnyama mwenye mbio. La hasha! Wenyewe wameeleza kuwa ni neno la Gikuyu, maana yake giza. (Wala si nduma tunayonywea chai.)

Je, sanaa ya giza yaweza kuwa sanaa ya dini? Mzee alikataa mambo mawili kwa mpigo: kelele na giza. Kelele haina uzito. Chombo hakina dini. Katika miaka ya themanini bendi ya Stryper ya Marekani ilipiga roki nzito huku ikiwarushia mashabiki nakala za Agano Jipya. Na gitaa la umeme leo liko madhabahuni kwetu, tena kwa sauti ya juu.

Giza nalo? Hapa wapenzi wa fasihi yetu hawana budi kumkumbusha mzee Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Nasir anaipitisha nafsi kwenye majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, akaishusha kaburini na kuionyesha moto wa jehanamu. Ni utungo wa kutisha, na hakuna anayeuvua udini wake. Katika Biblia, Zaburi ya 88 inaanzia kwenye kilio na kuishia gizani, pasipo hata chembe ya faraja.

Basi tofauti iko wapi? Naiona katika kauli ya kutendea. Kulia ni kutoa machozi au sauti. Kulilia ni kulia ukimwelekea mtu, au ukikitaka kitu. Kiambishi kidogo tu, lakini kinamleta mwambiwa. Mtunzi wa Al-Inkishafi anausemesha moyo wake ili urejee kwa Mola. Mwenye Zaburi, ingawa hajibiwi, anajua anayemlilia. Sanaa ya dini si ile yenye nuru. Ni ile yenye mwambiwa.

Kwa mizani hiyo, nimeisikiliza albamu ya Duma mara tatu. Ni kazi ya nguvu: sauti ya binadamu inazama chini ya mashine kisha inaibuka, na msikilizaji anaamini kwamba anayelia ana jambo. Hata hivyo, maneno yanamezwa na kelele, nami sikumsikia mwambiwa. Ni kulia, bado si kulilia. Kwa hiyo sitaiita sanaa ya dini. Sitaiita ya shetani pia, kwa kuwa kumwabudu shetani nako kungehitaji mwambiwa.

Nilipomweleza mpwa wangu hukumu hii, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sawa, mjomba. Na yule asiyejua amlilie nani, afanye nini?"

Hapo nakiri sarufi yangu iliishiwa. Ninachojua ni kwamba huwezi kumwonyesha mtu pa kupeleka kilio chake kama neno lako la kwanza kwake ni "zima".