Kupima Maonyesho ya Sanaa ya Mwanga: Mwongozo kwa Msafiri Mwenye Saa Chache

Maonyesho ya sanaa ya mwanga, kwa maana inayotumika hapa, ni yale ambayo picha hazitundikwi ukutani, bali hurushwa na projekta, yaani mitambo inayotupa picha kwa njia ya mwanga, hadi zikafunika kuta, sakafu na wakati mwingine dari, huku muziki ukisikika pande zote na mtazamaji akitembea katikati yake. Aina hii ilishika kasi mwaka 2018, pale ukumbi wa Atelier des Lumières ulipofunguliwa mjini Paris ndani ya kiwanda cha zamani cha kusubu chuma, na kundi la wasanii na wahandisi liitwalo teamLab, lililoanzishwa Tokyo mwaka 2001, lilipofungua majumba mawili katika jiji hilo, Borderless mwezi Juni na Planets mwezi Julai. Tangu hapo miji mingi mikubwa imepata ukumbi wa namna hiyo, na mgeni aliyepewa siku mbili au tatu tu mjini hana budi kujua kupima, kwa kuwa saa mbili anazozitoa huko atazipunguza mahali pengine.

Jambo la kuulizwa kabla ya mengine yote ni iwapo kazi inayoonyeshwa ilitungwa kwa ajili ya mwanga na chumba kile, au ni mchoro wa zamani uliopigwa picha, ukakuzwa na kuchezeshwa. Maonyesho mengi yenye jina la Vincent van Gogh ni ya namna hiyo ya pili. Mchoro wake wa usiku wenye nyota, alioufanya mwaka 1889 na ambao sasa umo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, una upana wa sentimita 92 hivi na kimo kisichozidi sentimita 74, na nguvu yake imo katika rangi ya mafuta iliyopakwa kwa uzito, hata michirizi ya brashi ikainuka juu ya kitambaa na kutupa vivuli vidogo vinavyobadilika kadiri mtazamaji anavyosogea. Mchoro huohuo ukishakuzwa hadi kimo cha ghorofa mbili, rangi yake haina tena unene wowote, kwa sababu kilichopo ukutani ni nakala ya kamera tu. Gustav Klimt, ambaye kazi zake ndizo zilizozindua ukumbi wa Paris, hudhurika zaidi: mchoro wake wa wapendanao wanaobusiana, uliopo katika jumba la Belvedere mjini Vienna, umetandazwa karatasi nyembamba za dhahabu halisi zinazometa na kufifia kwa kufuata hatua za anayeutazama, ilhali projekta haina dhahabu ya kutoa, ina rangi ya manjano.

Kwa kuwa Van Gogh alifariki mwaka 1890, haki miliki ya kazi zake ilikwisha zamani, na mfanyabiashara yeyote aweza kuzitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Matokeo yake yalionekana Marekani mwaka 2021, ambapo kampuni kadhaa zilizunguka na maonyesho yenye majina yanayokaribiana mno, hata wanunuzi wa tiketi wakashindwa kujua ni yapi waliyoyalipia. Miaka miwili baadaye Lighthouse Immersive, moja ya kampuni kubwa za biashara hiyo, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Msafiri anayeona tangazo lenye jina la mchoraji mashuhuri lakini lisilotaja ni nani aliyetunga maonyesho yenyewe, wala aliyetengeneza muziki wake, ana sababu ya kutosha ya kushuku.

Kazi za teamLab husimama upande wa pili. Sehemu kubwa ya picha zake haikurekodiwa kama filamu inayorudiwa. Hukokotolewa na kompyuta papo hapo, maana yake ni kwamba programu huchora kila taswira wakati uleule mtazamaji anapoiona, na hali ya dakika moja hairudi vilevile. Katika jumba la Planets kuna chumba ambamo wageni hutembea miguu mitupu ndani ya maji yanayowafika karibu na magoti, na samaki wa mwanga huogelea juu ya maji hayo. Samaki akigonga mguu wa mtu hugeuka maua na kutawanyika. Mtu akisimama kimya samaki hupita njia moja, akitembea hupita nyingine, na watu wengi wakiingia kwa pamoja chumba kizima hubadilika. Hapa mtazamaji ni sehemu ya kazi, na hakuna mchoro wa asili uliopo mahali pengine ambao angepaswa kuuona badala yake.

Baada ya asili ya kazi huja ufundi wa utekelezaji, na huu waweza kupimwa kwa macho matupu. Projekta haiwezi kutupa weusi. Inachoweza ni kuacha kutupa mwanga, hivyo weusi wa picha hutegemea giza la chumba, na ukumbi unaovujisha mwanga milangoni au kwenye taa za njia ya kutokea hugeuza usiku wote kuwa kijivu. Pale mianga ya projekta mbili inapokutana, fundi hodari hupunguza nguvu ya kila mmoja kwenye ukingo ili maungio yasionekane, na fundi mzembe huacha mstari uliong'aa kupita kiasi, ulio dhahiri kama mshono mbovu katikati ya kanga. Inafaa pia kusogea hadi hatua moja kutoka ukutani: nukta ndogo za picha, ziitwazo pikseli, zikionekana moja moja, basi mitambo ni michache kuliko ukuta unavyohitaji. Kivuli cha mtu kikifunika nusu ya picha, projekta zimewekwa chini mno. Sauti husahaulika na wengi, nayo ndiyo hufichua ubahili upesi zaidi, kwa maana muziki wa chumba kimoja ukivamia kingine hakuna picha itakayouokoa.

Ukuta wenyewe una sauti yake katika hukumu. Carrières de Lumières, iliyoko Les Baux-de-Provence kusini mwa Ufaransa, ni machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa ambamo picha zilianza kurushwa kutani tangu miaka ya 1970, na ambayo kampuni ya Culturespaces ilianza kuyaendesha mwaka 2012; jiwe lake jeupe lenye makovu ya misumeno huipa picha mwili ambao ukuta wa ubao uliopakwa rangi hauwezi kuupa. Saint-Rémy, mahali alipolazwa Van Gogh alipochora usiku wake wenye nyota, si mbali na hapo, na vilima alivyovichora vingali vinaonekana kutoka barabarani. Kwa mwenye gari na mchana mmoja, safari hiyo inastahili bila ubishi.

Tokyo pia inastahili, kwa masharti ya kawaida: tiketi za teamLab huuzwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu, na sakafu za vioo katika baadhi ya vyumba huwalazimu wanaovaa sketi au buibui kuvaa suruali ndani. Borderless ilihamia eneo la Azabudai Hills mwaka 2024, hivyo vitabu vya wasafiri vinavyoelekeza watu Odaiba, mahali pake pa awali, vimepitwa na wakati. Anayetoka Afrika Mashariki na kubadili ndege Abu Dhabi atakuta kazi za kundi hilohilo kisiwani Saadiyat, katika jumba lililofunguliwa mwaka 2025, lakini kisiwa hichohicho kina makumbusho ya Louvre Abu Dhabi, na mwenye saa nne tu kati ya ndege mbili afadhali achague moja kuliko kuzipitia zote mbili mbiombio.

Paris ndiyo yenye shauri gumu, kwa sababu jiji hilo lina maonyesho ya kumzunguka mtazamaji yaliyotangulia umeme wa projekta kwa miongo mingi. Katika makumbusho ya Orangerie, vyumba viwili vya umbo la yai vilivyofunguliwa mwaka 1927 vimezungushiwa michoro minane ya mayungiyungi ya Claude Monet, yenye kimo cha mita mbili na jumla ya urefu wa mita 91 hivi, nayo huangazwa na mwanga wa mchana upitao darini, kiasi kwamba wingu likipita juu ya jiji maji ya Monet hubadilika rangi. Aliyekaa hapo nusu saa amepata kipimo cha kupimia kila ukumbi wa mwanga atakaoingia baadaye, na Atelier des Lumières, pamoja na ustadi wake wote wa mitambo, haifikii kipimo hicho. Ukumbi huo upewe jioni iliyobaki, usipewe asubuhi. Orangerie hufungwa kila Jumanne na makumbusho ya Orsay, yenye michoro halisi ya Van Gogh, hufungwa kila Jumatatu, kwa hiyo ukiondoa tarehe 1 Mei na 25 Desemba hakuna siku ambayo msafiri atakosa kufunguliwa walau moja kati ya hizo mbili.