Ubao na Mataruma

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa sosholojia nilikaa Kilwa Kivinje, kwa mama mkubwa. Madesa yangu yalijaa mistari ya kalamu nyekundu. Uamilifu, mgogoro, utabaka, taasisi za kijamii: fasili zote nilizikariri, na zote zilinikimbia swali lilipogeuzwa kidogo.

Kudurusu nilifunzwa na mama mkubwa, ambaye hakuwahi kulisikia jina la Durkheim. Kila jioni alitaka nimsimulie nilichosoma, kwa maneno ya nyumbani. Nikamweleza mshikamano wa watu wanaofanana, na ule wa watu wanaotegemeana kwa kuwa kazi zao ni mbalimbali, jambo ambalo Durkheim aliliandikia kitabu mwaka 1893. Akaniuliza, "Na msiba wetu uko wapi hapo, mwanangu?" Kumbe uko kote kuwili. Mtaa mzima hukaa matanga, lakini akataye sanda siye achimbaye kaburi.

Fundi wa mashua huupeleka ubao kwenye mataruma, akaona mwanya, akautoa, akauchonga, akaurudisha mpaka ukae. Ndivyo nilivyoanza kusoma. Marx nilimpeleka ufukweni, kwenye mgawo: fungu la chombo na la nyavu hutolewa, ndipo mabaharia wagawane. Familia ya desa ilikuwa na baba juu. Kwa Wamwera na Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli. Fasili ikachongwa upya.

Weber ndiye aliyenikalia rohoni. Mamlaka kwake ni ya jadi, ya haiba, au ya sheria. Nikampeleka Nandete, Umatumbi: mwaka 1905 watu wa huko waling'oa pamba ya Wajerumani wakiyaamini maji ya dawa ya mganga Kinjeketile Ngwale. Ofisa wa boma alikuwa na daftari la kodi na askari, ila uhalali mbele ya Wamatumbi hakuwa nao, na pasipo uhalali Weber haoni mamlaka, anaona nguvu tu. Kinjeketile alinyongwa Agosti mwaka huo, lakini mahongo, waliotumwa naye, wakaendelea kuyasambaza maji kusini. Haiba ilikuwa imeshapata wajumbe. Ukurasa nilioukariri mara ishirini ukasimama wenyewe.

Usiku wa kuamkia mtihani sikufungua desa. Nilimsimulia mama mkubwa habari za mahongo, akanirudisha mara mbili pale nilipobabaika.