Zawadi na Sumu katika Neno Moja

Liko neno fupi la herufi nne, gift, litumikalo katika lugha kadha wa kadha za Ulaya, na maana zake zashangaza. Kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani ni sumu. Kwa Kiswidi, Kideni na Kinorwe ni sumu, na tena ni mtu aliyeoa au aliyeolewa. Waholanzi huliita gift toleo la bure, bali sumu huiita gif au vergif. Wala maneno haya hayakufanana kwa bahati tu. Ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana yote yametoka katika tendo la kutoa. Aliyeolewa ni yule aliyetolewa na wazazi wake. Hata Wajerumani wenyewe wamebakiza maana ya kale katika neno Mitgift, yaani mali ambayo bibi arusi hutoka nayo kwao, wala hamna sumu ndani yake. Basi, ilikuwaje neno la kutoa likawa jina la kitu kiuacho?

Mtaalamu Mfaransa, Marcel Mauss, alijibu swali hili mwaka 1924 katika makala fupi aliyoiita kwa neno lenyewe mara mbili, Gift, Gift. Alisema ya kuwa zawadi kubwa ya Wajerumani wa kale ilikuwa kinywaji cha karamuni; na kinywaji chaweza kutiwa sumu, asijue mpokeaji mpaka amekwisha kunywa. Kwa hiyo, kwa maoni yake, neno moja likachukua furaha na hofu pamoja.

Twamheshimu Mauss. Katika insha yake ndefu juu ya zawadi, Essai sur le don, ameonyesha vema ya kuwa zawadi humfunga aipokeaye, naye hana raha mpaka arudishe. Sisi tusemao kwamba mkono mtupu haulambwi hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo mara mbili. Lakini kwa habari ya neno hili hatuwezi kumfuata.

Iko njia nyingine iliyo nyepesi, nayo Mauss aliijua akaikataa. Waganga wa Kiyunani walikuwa na neno dosis, maana yake kutoa. Nao wakaliita hivyo kadiri ya dawa apewayo mgonjwa. Neno hilo likaingia katika Kilatini cha waganga, na Wajerumani wakalifasiri kwa neno lao la kutoa. Kipimo kikizidi huua, na hivyo jina la kipimo likaishia kuwa jina la sumu. Mauss alijibu ya kwamba si desturi ya watu wa kawaida kukiita kitu cha kila siku kwa jina la wataalamu.

Je, si desturi? Neno lile lile la Kiyunani limepita kwa Waingereza likafika kwetu, nasi twaliita dozi. Leo mama wa shamba, asiyemjua Myunani hata mmoja, humwambia mwanawe amalize dozi yake. Tena sisi twasema dawa ya malaria, na dawa ya panya. Ya kwanza huponya, ya pili huua. Na mtu akiuawa kwa sumu, wazee hunong'ona kwamba amelishwa kitu, wasitake kulitaja lile lenyewe. Wafaransa nao sumu huiita poison, neno litokalo katika Kilatini kwa maana ya kinywaji tu. Ndivyo ulimi wa binadamu ulivyo: jambo la kutisha hulifunika kwa jina la upole.

Hili si shauri dogo la walimu wa lugha. Kama neno Gift lashuhudia ya kuwa Wajerumani waliziogopa zawadi, basi na neno dawa litatushuhudia sisi kuwa watu wasiojua tofauti ya kuponya na kuua. Nani kati yetu atakubali hukumu hiyo? Walakini mara nyingi watu wa Afrika wamehukumiwa hivyo: wageni wamesema kwamba lugha fulani haina neno la shukrani, basi na wenyewe hawana shukrani. Aliyenena hivyo alitazama kamusi, hakutazama nyumba za watu, wala hakuona kuku aliyeletwa mlangoni asubuhi yake.

Kwa hiyo tusomapo kitabu chenye kueleza moyo wa taifa kwa neno moja, tuulize kwanza neno hilo lilipita wapi, na nani waliokuwa wakilitumia, na kwa kazi gani. Nasi tufundishao watoto lugha za kigeni tuwaonye wasitegemee sura ya neno, kwa maana Mwingereza aonaye chupa imeandikwa Gift katika duka la Ujerumani, akadhani ni zawadi, ataumia.