Mlezi na Kijana Anayejidharau: Kutoka Fumo Liyongo hadi All Might

Utangulizi

Tunapofundisha mada ya shujaa katika fasihi, mifano yetu huwa ni ileile, na wa kwanza ni Fumo Liyongo. Wanafunzi humsikiliza darasani, humwandika katika madaftari yao na humjibia maswali kwenye mtihani. Wakitoka nje, mashujaa wanaowajadili ni wengine. Ni wale wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, ambazo vijana wengi wa Bujumbura huzitazama kwenye simu, aghalabu kwa Kifaransa.

Makala haya yanachukua mojawapo ya hadithi hizo, My Hero Academia, na kuihakiki kwa vigezo tunavyovitumia kila siku: wahusika, mgogoro na dhamira. Lengo letu si kuisifu, wala si kuwaonya vijana dhidi yake. Tunataka kuuliza swali moja linalotuhusu sote tunaofundisha na tunaojifunza kufundisha: mlezi hufanya nini na unyonge wa yule anayemlea?

Kwa wasioifahamu, hadithi hii ilitungwa na kuchorwa na Kohei Horikoshi. Ilichapishwa Japani kwa mfululizo kuanzia mwaka 2014 hadi 2024, ikajaza vitabu 42. Filamu zake zilizotengenezwa na studio ya Bones zilianza kuonyeshwa mwaka 2016.

Mtoto asiye na kipawa

Msanii anatujengea dunia ambamo asilimia 80 ya watu wana kipawa cha ajabu: huyu anatoa moto, yule anarusha vitu hewani. Ushujaa ni kazi ya mshahara na una shule zake. Katika dunia hiyo Izuku Midoriya anafikisha miaka minne bila kipawa chochote, na daktari anatamka kwamba hatakipata. Mtoto anamwonyesha mama yake picha za shujaa anayempenda na kumuuliza kama naye anaweza kuwa hivyo. Mama analia na kumwomba radhi.

Tukio hili ni fupi, lakini limebeba hadithi nzima. Mama hakumtukana mwanawe wala kumpiga, alimhurumia. Hata hivyo, machozi yake ndiyo hukumu ya kwanza. Mtoto alitaka kuambiwa kwamba inawezekana, akaombwa radhi. Hapa msanii amegundua jambo ambalo waandishi wengi hulipita: kujidharau hakuletwi na matusi peke yake. Huweza kuletwa na huruma ya mtu anayetupenda.

Matusi nayo yapo. Katsuki Bakugo, rafiki wa utotoni mwenye kipawa kikubwa, anampachika jina la Deku. Kwa sisi wanaisimu jina hili lina utamu wake. Maandishi ya jina Izuku yanaweza kusomwa kwa namna nyingine yakatoa sauti hiyo, na sauti hiyo kwa Kijapani inakumbusha neno la kumwita mtu asiyefaa kitu. Baadaye msichana Ochaco Uraraka analisikia jina hilo bila kujua historia yake, na masikioni mwake linafanana na kitenzi chenye maana ya kuweza. Kuanzia hapo kijana analichukua liwe jina lake la ushujaa. Sauti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni sikio lililoipokea.

Siri ya udhaifu

Mlezi katika hadithi hii ni All Might, shujaa namba moja wa Japani, mwenye misuli na tabasamu lisilofutika. Izuku anakutana naye akiwa na umri wa miaka 14 na kugundua siri yake. Chini ya umbo lile kuna mwanamume aliyekonda, mwenye jeraha kubwa ubavuni, ambaye anaweza kufanya kazi ya ushujaa kwa saa zipatazo tatu tu kwa siku. Na kuna siri ya pili: All Might mwenyewe alizaliwa bila kipawa. Nguvu aliyonayo alirithishwa na mlezi wake, Nana Shimura, na sasa anatafuta wa kumrithisha.

Tumkumbuke Liyongo. Katika utenzi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yule hapatwi na mshale wala mkuki. Siri yake ni moja, sindano ya shaba kitovuni. Sultani wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Kijana anamuuliza baba yake siri, anaambiwa, naye anaitumia. Alichoahidiwa hakukipata.

Tukiziweka hadithi hizi mbili pamoja tunaona zina kiini kimoja. Shujaa mkubwa anamfunulia kijana udhaifu wake. Kwa Liyongo, siri hiyo inamuua aliyeitoa. Kwa All Might, inamwinua aliyeipokea, kwa maana Izuku anajua sasa kwamba hata mtu mkubwa kuliko wote alianzia pale alipo yeye.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Kwa maoni yetu, haitoki katika wema wa kijana mmoja na ubaya wa mwingine. Mtoto wa Liyongo ni mtoto wa mtu mkubwa kupita kiasi. Utenzi unatuonyesha baba akicheza gungu, akitoroka gerezani, akitisha mji mzima. Hatuonyeshwi akimfundisha mwanawe kupinda upinde. Kijana asiyepewa thamani nyumbani ataitafuta kwa yeyote anayeiuza, na sultani alikuwa na duka lililo wazi. Usomaji huu hauondoi hatia ya msaliti, lakini unatusaidia kumwelewa. Hata kijakazi Saada, ambaye walinzi wa gereza walimdharau pamoja na mkate wake wa wishwa, alipewa kazi kubwa: ndani ya mkate ule ilikuwamo tupa iliyomtoa Liyongo kifungoni. Saada aliaminiwa. Hatuoni pahali ambapo mtoto aliaminiwa kazi yoyote kabla ya kuambiwa siri.

All Might hatoi siri na kuondoka. Anampeleka Izuku kwenye ufuo uliojaa takataka, majokofu mabovu na matairi, na kumtaka ausafishe. Kazi inachukua miezi kumi. Ni kazi ya mwanagenzi kwa fundi: haina sifa, haina watazamaji, na mwisho wake watu wa mji wanaweza kuiona bahari yao.

Kasoro ya zawadi

Hata hivyo, hadithi hii ina tatizo ambalo haina budi kuulizwa. Mwanzoni All Might anamwambia Izuku wazi kwamba bila kipawa hawezi kuwa shujaa. Muda mfupi baadaye Bakugo anakamatwa na jitu la tope, mashujaa wenye vipawa wanasimama kando, na ni Izuku, mikono mitupu, anayekimbia kumwokoa. Hapo All Might anabadili kauli. Kwa hiyo thamani ya kijana ilionekana kabla hajapewa kitu. Lakini mara tu thamani hiyo inapotambuliwa, analipwa nguvu, na kuanzia siku ile anaamini kwamba nguvu ndiyo thamani yake.

Mila ya Burundi ya ubushingantahe inatusaidia kuona kosa lilipo. Kijana alitazamwa kwa muda mrefu, akaongozwa na wazee, ndipo akaapishwa hadharani na kukabidhiwa fimbo ya intahe. Fimbo haikumfanya mtu kuwa mwadilifu. Ilitangaza uadilifu ambao majirani walikwisha kuuona. Izuku anaipokea fimbo, lakini hakuna anayemweleza vya kutosha kwamba ilikuwa tangazo tu. Anadhani imemtengeneza upya.

Ushahidi uko mwilini mwake. Kila anapotumia nguvu ile anavunja vidole, kisha mikono, kana kwamba mwili wake ni chombo cha kuazima ambacho mwenyewe hana hasara nacho. Baada ya mashindano ya michezo shuleni, muuguzi mzee Recovery Girl anawakemea wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, na kukataa kuendelea kutibu majeraha ya aina hiyo. Katika maneno ya bibi huyu tunasikia sauti ya mhakiki ndani ya kazi yenyewe: kijana anayejitoa mhanga si lazima awe jasiri, huenda anajiona hana cha kupoteza.

Kejeli kubwa iko katika mashindano hayohayo. Mpinzani wake, Shoto Todoroki, ni mtoto wa shujaa namba mbili, Endeavor, aliyechagua mke kwa ajili ya kipawa chake ili azae mtoto wa kumshinda All Might. Shoto anakataa kutumia moto kwa sababu ni wa baba yake. Izuku anampigia kelele kwamba nguvu ile ni yake Shoto, si ya baba. Maneno hayo yanamfungua Shoto. Aliyeyasema hawezi kujiambia mwenyewe. Walimu wengi wazuri wako hivyo: wanamwona kila mtu isipokuwa wao.

Msanii ameweka pia kioo cha upande wa pili. Adui mkuu, All For One, naye ana mwanafunzi, Tomura Shigaraki, mjukuu wa Nana Shimura yuleyule. Alimchukua akiwa mtoto aliyezurura barabarani huku wapita njia wakimwepuka. Alimpa makazi, jina na kusudi. Kwa nje ni ulezi kamili. Lakini mlezi huyu anauhitaji unyonge wa mtoto na anaulisha chuki, kwa maana mtoto akipona hatamtumikia tena. Hapa ndipo tunapopata kipimo: mlezi wa kweli hafaidiki na mwanafunzi anayejidharau.

All Might hafaidiki, ila huchelewa kuliona. Vita vinapokolea, Izuku anaiacha shule na kutangatanga peke yake, mchafu, bila kulala. All Might anamfuata na chakula, kijana anamkwepa. Wanaomrudisha ni wanafunzi wenzake, na Uraraka ndiye anayesimama mbele ya umma wenye hofu kuwaomba wampokee. Kwa mtazamo wetu, hii ndiyo sehemu bora ya hadithi, kwa kuwa inakiri kwamba mlezi mmoja, hata awe mkubwa namna gani, hatoshi.

Kwa upande wa fani, kazi hii ina udhaifu. Mapambano ni marefu, na mawazo ya ndani ya mhusika yanaelezwa hata pale ambapo uso wake ulikwisha kusema. Machozi nayo ni mengi mno.

Darasa letu

Je, haya yanatuhusu vipi sisi tunaofundisha Kiswahili Burundi? Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu miaka ile wanafunzi wa lugha hii wametujia kwa njia mbili. Yupo aliyezaliwa Buyenzi au Rumonge, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Huyu amekua akisikia jina la Mswahili likitumiwa kumaanisha mjanja au mwongo, na akifika darasani anaambiwa kwamba anachosema si Kiswahili sanifu. Yupo pia aliyetoka mikoa ya ndani, aliyekutana na Kiswahili shuleni, na ambaye kwa mazoea ya Kirundi huandika kurara badala ya kulala. Anaona wino mwekundu ukurasa mzima na kuamua kwamba hana kipawa. Wa kwanza ni Deku kwa jina alilopachikwa. Wa pili ni Izuku mbele ya daktari.

Hatusemi kosa lisisahihishwe. Ufuo usafishwe, tena kwa miezi kumi. Lakini kabla ya wino mwekundu, mwanafunzi apate kuonyeshwa kile alichokwisha kukifanya akiwa mikono mitupu: yule wa Buyenzi kwamba anao ufasaha wa kusimulia ambao vitabu haviutoi, yule wa Ngozi kwamba mfumo wa ngeli anaujua tangu utotoni kupitia Kirundi. Usanifu ni fimbo ya kutangaza. Kamwe usifundishwe kana kwamba ndio unaomfanya mtu awe mtu.

Hitimisho

Mwishoni mwa hadithi Izuku anaitoa nguvu yake ili kumshinda adui, inamwishia, na anakuwa mwalimu katika shule aliyosoma. Baada ya miaka minane All Might anamletea vazi maalumu, lililogharamiwa na marafiki zake, la kumwezesha kurudi kazini. Hapa msanii anasitasita. Alikwisha kumfikisha shujaa wake mbele ya ubao, bila kipawa, akiwa na thamani kamili. Kisha akaona haya akamvisha tena silaha.

Tunawashauri walimu wenzetu wawape wanafunzi Fumo Liyongo na My Hero Academia katika kipindi kimoja, na wawaulize: ni nani aliyempa kijana huyu thamani yake, na alimwomba nini badala yake? Majibu yatatufundisha mengi kuhusu wahusika hao, na pengine zaidi kuhusu waliokaa kwenye madawati.