Mipaka ya Orodha: Uhakiki wa Matumizi ya Academic Word List katika Maandalizi ya Mtihani wa IELTS

Makala haya yanahakiki matumizi ya orodha ya msamiati iitwayo Academic Word List kama nyenzo ya kujiandaa kwa mtihani wa IELTS. Orodha hiyo, iliyochapishwa na Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000, ina familia za maneno 570 zilizochujwa kutoka katika matini za sanaa, biashara, sheria na sayansi zenye jumla ya maneno takribani milioni 3.5. Kila familia ilichaguliwa kwa wingi wa matumizi yake na kwa kuenea kwake katika taaluma hizo. Msamiati wa kawaida uliokwisha kuorodheshwa na Michael West mwaka 1953 uliachwa nje.

Kwa upande wa usomaji, ubora wa orodha hiyo haupingiki. Familia hizo hubeba takribani asilimia 10 ya maneno ya matini zilizochunguzwa. Hivyo, mtahiniwa anayezifahamu hukutana na vikwazo vichache katika vifungu vya ufahamu. Udhaifu hujitokeza pale orodha iliyopatikana kwa kuhesabu inapogeuzwa kuwa kitabu cha kukariri kwa ajili ya uandishi. Hesabu hueleza neno linatokea mara ngapi. Haielezi linaandamana na maneno gani.

Mfano ni kitenzi "establish". Mzungumzaji wa Kiswahili akikikariri kwa maana ya "anzisha", ataandika kwa usahihi kwamba serikali imeanzisha shule. Lakini katika Kiswahili huanzishwa pia ugomvi, na akiandika "establish a quarrel" atakuwa ametunga kirai kisicho na kosa la sarufi ambacho wenye lugha hawakisemi. Kiswahili chenyewe kina tabia hiyo: tunapiga pasi na tunapiga simu, wala hatugongi pasi au simu, japokuwa vitenzi hivyo viwili vinakaribiana kimaana.

Suala hili si dogo. Katika sehemu ya uandishi ya IELTS, msamiati ni kimojawapo cha vigezo vinne vyenye uzito sawa, na maelezo ya alama za juu hutazama pia namna maneno yasiyo ya kawaida yanavyoandamana na mengine. Kwa hiyo, anayekariri ili kuipamba insha anaweza kupoteza alama palepale alipotarajia kuzipata, na pamoja nazo nafasi ya chuo.

Uhakiki huu haupendekezi orodha itupwe. Unapendekeza kila neno lisomwe ndani ya matini, liandikwe daftarini pamoja na nomino au kihusishi kinachoandamana nalo, kisha litumiwe katika sentensi aliyoitunga mtahiniwa mwenyewe na kusahihishwa na mwalimu. Insha ya mtihani huhitaji maneno 250 tu. Maneno machache yaliyofahamika hivyo yataifaa kuliko familia 570 zilizokaririwa kwa tafsiri ya neno moja moja.