Nanogramu 14

Mshipa wa moyo ulioziba ukishafunguliwa na maumivu ya kifua yakatulia, ndugu za mgonjwa humshukuru Mungu. Daktari naye hushukuru, lakini bado ana swali: msuli kiasi gani umekufa, na uliobaki utaweza kusukuma damu kama zamani? Msuli wa moyo hauchipui kama nyasi. Uliokufa hugeuka kovu. Sehemu ya jibu hutafutwa kwenye kichupa cha damu, na utafutaji huo ni ufundi ninaoustahi sana.

Tangu mwaka 1954, madaktari wa New York walikuwa wakipima kimeng'enya kinachovuja moyoni baada ya mshtuko. Shida ni kwamba kimeng'enya hicho kimo pia katika ini na katika misuli ya mikono na miguu, kwa hiyo kikipanda hujui ni nani anayelia. Huko Japani, katika miaka ya 1960, Setsuro Ebashi hakuwa akimtafuta mgonjwa yeyote. Alitaka kujua kalsiamu huuamuru vipi msuli ukaze, na katika kutafuta hilo yeye na wenzake wakaipata protini ya msuli iitwayo troponini.

Troponini ya moyo hutofautiana kidogo na ya misuli mingine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, waliyoishika mwishoni mwa miaka ya 1980. Walitumia kingamwili mbili: ya kwanza huinasa troponini, ya pili huigandia ikiwa imebeba alama ambayo mashine huweza kuisoma. Kipimo chao cha kwanza kilikuwa na kasoro, maana kingamwili mojawapo ilishika kidogo hata troponini ya misuli ya kawaida. Wakaibadilisha, wakapima tena. Leo mpaka wa kawaida wa troponini T kwa kipimo chenye unyeti wa juu ni nanogramu 14 kwa lita, yaani sehemu 14 za gramu iliyogawanywa mara bilioni, katika lita nzima ya damu. Kila nikiifikiria hesabu hiyo hunilazimu kunyamaza kidogo.

Lakini namba peke yake haitoshi, na hapa ndipo msomaji hodari anapojulikana. Mshipa ukifunguliwa, damu hupita kwa kasi na kuikumba troponini iliyokuwa imelegea ndani ya seli, ikapanda ghafla. Asiye na uzoefu ataogopa mlima huo wa siku ya kwanza. Mzoefu husubiri. Troponini nyingi zaidi imefungwa kwenye nyuzi zenyewe za msuli, nayo hutoka polepole kadiri nyuzi zilizokufa zinavyovunjika. Ndiyo maana kipimo cha siku ya tatu au ya nne hulingana vizuri na ukubwa wa kovu linaloonekana kwenye picha ya MRI. Kovu likiwa kubwa, tumaini la moyo kurudisha nguvu zake hupungua. Kisha huulizwa shahidi mwingine, NT-proBNP, anayepanda kuta za moyo zinapotanuliwa na mzigo. Figo mbovu nazo huwapandisha mashahidi wote wawili, kwa hiyo mzoefu huuliza habari za figo kabla ya kutoa neno.

Na yote hayo yanategemea mikono ya mtu ambaye jina lake mgonjwa halijui. Sindano ikivuta kwa pupa, chembe nyekundu hupasuka na jibu hupotoka. Saa ya kutoa damu isipoandikwa, hakuna ajuaye kama namba inapanda au inashuka. Nimewaona wataalamu wa maabara wakikiinua kichupa kwenye mwanga, wakaitazama rangi ya maji yaliyo juu ya damu, wakakikataa na kuomba kingine. Wodini huonekana ni usumbufu. Kwangu huo ndio uaminifu wa kazi.

Basi ndugu yako akilazwa kwa mshtuko wa moyo, na muuguzi akaja kuchukua damu mara ya pili, ya tatu na ya nne, usiseme wanammaliza damu. Mshike mgonjwa mkono atulie, kisha muulize daktari: troponini, ikilinganishwa na ya jana, imepanda au imeshuka?